Mnaijeria anatua Kanada: aanzie Toronto, Calgary au Winnipeg?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wanaijeria wanaojiandaa kuja Kanada kuna swali moja haliishi, viza imetoka, tiketi bado haijakatwa, sasa tutue mji gani? Mimi nimeolewa kwa Wayoruba kwaiyo swali hili huwa linanifikia nyumbani kabisa, leo wifi, kesho binamu ya mume, keshokutwa rafiki wa shemeji ambaye hata simjui anapiga video kol akiwa Ibadan anataka jibu moja la haraka. Jibu moja la haraka halipo. Naandika kwa Kiswahili mana na sisi tunaotoka Bongo, Kenya, Burundi na Kongo tunapita milango hiyohiyo ya Express Entry (mfumo wa serikali kuu wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi), shule na nominesheni za mikoa (mkoa kukupendekeza upewe ukaazi), alafu wengi wetu tuna mashemeji, wafanyakazi wenzetu na majirani Wanaijeria ambao wanatuuliza tuwashauri.

Nimechukua miji mitatu tu, Toronto ya mkoa wa Ontario (pamoja na Brampton, Mississauga na Scarborough, mana Wanaijeria wengi wakisema Toronto wanamaanisha huko kote), Calgary ya mkoa wa Alberta na Winnipeg ya mkoa wa Manitoba. Edmonton sijaiweka peke yake lakini iko Alberta kama Calgary, kwaiyo mambo ya sheria na kodi za serikali ni yaleyale. Hela zote humu ni dola za Kanada, nikimaanisha za Marekani ntasema.

Kabla ya mji, hesabu ya naira

Hili Mnaijeria analo zaidi kuliko wageni wengi. Kabla ya Juni 2023 dola ya Marekani ilikuwa kama naira 460 hivi kwenye bei ya serikali, alafu Nigeria ikaiachia naira ijitafutie bei yake, na mwaka 2024 ikapita 1,500. Mtu aliyeuza kiwanja Lekki, Lagos, na gari mbili akiwa na mpango wa kuishi nazo mwaka mzima Kanada, akija kubadilisha anakuta ni miezi michache. Na hawezi kumpigia baba aongezee, mana kila laki anayotuma baba inafika huku ni senti. Serikali ya Kanada yenyewe inataka familia ya watu wanne wanaokuja kwa Express Entry bila kazi mkononi waonyeshe kama dola 28,000 hivi benki, na hiyo ndo hela ambayo wengi wanafika nayo, hakuna nyingine nyuma.

Kwaiyo vigezo vyangu nimevipanga nikifikiria mtu wa hivyo. Cha kwanza, hela yake itakaa miezi mingapi kabla mshahara wa kwanza, yaani kodi ya nyumba na masharti ya mwenye nyumba. Cha pili, cheti chake na kazi aliyokuwa anafanya nyumbani kinatambulika wapi kwa urahisi. Cha tatu, watoto, deikea, shule na bima ya afya. Cha nne gari na baridi, hivi vinaenda pamoja. Cha tano, watu wake, kanisa au msikiti, chakula na safari ya kurudi nyumbani. Hivyo vya kwanza viwili ndo vinaamua mambo mengi, vingine vinakuja kurekebisha.

Nyumba

Toronto ndo ghali, hilo halina ubishi. Chumba kimoja cha kulala na sebule kwa bei za 2025 ni kwenye 2,200 mpaka 2,400 kwa mwezi, kwaiyo wageni wengi wanaanzia besimenti ya nyumba ya mtu kule Brampton au Scarborough, au wanachangia nyumba na familia nyingine. Sheria ya Ontario inasema mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho basi, haruhusiwi kudai dipoziti ya uharibifu. Ila mgeni hana rekodi ya mikopo Kanada, hana barua ya kazi, hana mdhamini, kwaiyo anashindana na watu kumi kwenye apatimenti moja na mwishoe anajitolea mwenyewe kulipa miezi sita mbele ili apewe. Kudai haruhusiwi, lakini wewe ukitoa kwa hiari inapita, na hapo nusu ya zile 28,000 imeondoka siku moja. Uzuri wa Ontario unakuja baadae, ukishaingia kodi haipandishwi ovyo, mwaka 2025 mwisho ilikuwa asilimia 2.5. Lakini uliza jengo lilianza kukaliwa lini! Kama ni baada ya tarehe 15 Novemba 2018 halimo kwenye ulinzi huo, na yale maghorofa mapya yanayong'aa yanayowavutia wageni kwenye picha mengi ni ya baada ya hapo.

Calgary nyumba kama hiyo ni kwenye 1,500 mpaka 1,700. Dipoziti haizidi kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi mtu anaingia na hizo mbili tu, mwezi wa kwanza na dipoziti. Tatizo la Alberta ni kwamba hakuna kikomo cha kupandisha. Mwenye nyumba anaruhusiwa kupandisha mara moja tu ndani ya siku 365, sawa, ila akipandisha anaweza kuweka kiasi chochote anachotaka. Miaka ya 2022 mpaka 2024 watu walifurika Calgary na wengi wakajikuta wanahama kila mkataba ukiisha. Kitu kingine ambacho wageni hawaambiwi ni bili ya umeme na gesi, Alberta soko ni huria, unachagua kampuni mwenyewe, na kwenye bili kuna gharama za usafirishaji ambazo mwezi mwingine zinazidi umeme wenyewe uliotumia. Ukiona nyumba ya Calgary ni rahisi uliza kwanza kama joto na maji vimo humo.

Winnipeg ni 1,300 mpaka 1,500, na dipoziti ni nusu tu ya kodi ya mwezi. Nusu! Kwa mtu anayehesabu kila dola hii peke yake ni sababu ya kutosha. Manitoba nayo ina kikomo cha kupandisha kodi kila mwaka, ila nyumba za bei ya juu na majengo mapya hayamo. Umeme ni wa Manitoba Hydro, shirika la mkoa, unatoka kwenye mabwawa na ni kati ya umeme wa bei nafuu Kanada, jambo ambalo utalishukuru Januari yako ya kwanza.

Kwa wenye ndoto ya kununua nyumba ndani ya miaka mitatu minne, tofauti ni kubwa zaidi. Eneo la Toronto nyumba ya kawaida inazunguka milioni moja, Calgary ni kama laki sita, Winnipeg ni kama laki nne. Na ukinunua ndani ya mji wa Toronto unalipa kodi ya kuhamisha umiliki mara mbili, ya mkoa na ya mji, wakati Alberta haina kodi hiyo kabisa, ni ada ndogo ya usajili.

Popote utakapochagua, usitume hela ya nyumba ukiwa bado Lagos kwa mtu uliyemkuta Facebook au kwenye tovuti ya matangazo inayoitwa Kijiji. Chukua Airbnb au chumba kwa mtu wa kanisani wiki mbili tatu, ukaone nyumba kwa macho yako. Nalisema kwa uchungu mana watu wanatapeliwa na wanalia.

Kazi na vyeti

Hapa ndo pa kukaa sana, na hapa ndo naona watu wanachagua mji kwa sababu ya picha za binamu badala ya cheti chao wenyewe.

Toronto ina kazi nyingi kuliko kote, mabenki makubwa yote yako pale, bima, IT, ukaguzi wa hesabu, kampuni za ushauri. Kijana aliyefanya kazi GTBank au kampuni ya fintech (teknolojia ya fedha) kule Yaba, Lagos, mwenye ACCA (cheti cha uhasibu) au vyeti vya data na mifumo, soko lake liko Toronto, hata akikosa kazi tatu kuna nyingine thelathini zinatangazwa wiki hiyohiyo. Ubaya ni kwamba na waombaji ni wengi kupita kiasi, na ule wimbo wa kuulizwa uzoefu wa Kanada ameukuta kila mgeni. Ontario wamejaribu kuupunguza, bodi ya mainjinia PEO iliondoa sharti hilo Mei 2023, na kuanzia Januari 2026 waajiri wengi hawaruhusiwi kuliandika kwenye tangazo la kazi. Kwenye intavyuu bado utalisikia kwa maneno mengine. Kima cha chini cha mshahara Ontario ni 17.60 kwa saa tangu Oktoba 2025, kizuri kwenye karatasi, ila ukigawanya kwa kodi ya nyumba ya Toronto kinayeyuka.

Calgary ni mji wa mafuta na gesi, na hapa Mnaijeria ana kitu ambacho wageni wengi hawana. Injinia aliyefanya kazi Port Harcourt, Warri au Bonny miaka kumi, amesimamia mabomba, usalama kazini, ununuzi, anaongea lugha moja na kampuni za Calgary tangu siku ya kwanza. Usajili wa uinjinia unapita APEGA, bodi ya mainjinia ya Alberta, na unachukua muda lakini unaweza kuanza kutuma makaratasi ukiwa bado Nigeria. Manesi pia, mwaka 2023 chombo cha manesi cha Alberta, CRNA, kilifungua njia fupi kwa waliosomea nchi kadhaa na Nigeria imo, na toka hapo manesi wengi wa Kinaijeria wanaanzia faili zao Alberta hata kama mwisho wanaenda mkoa mwingine. NCLEX, mtihani wa usajili wa manesi, bado lazima uifanye, hilo usidanganyike. Upande wa pili, mafuta yakishuka bei duniani Calgary inaumia haraka, wanapunguza watu kwa mafungu, mwaka 2015 na 2016 watu walipoteza kazi na nyumba. Na kima cha chini Alberta ni 15 kwa saa tangu Oktoba 2018, hakijaguswa, kwaiyo yule anayeanzia kazi ya kushikia, ulinzi, ghala, kulea wazee, analipwa kidogo kuliko mwenzake wa Winnipeg ambaye kima chake ni 16 tangu Oktoba 2025. Kinachomfidia ni kodi, Alberta haina kodi ya mauzo ya mkoa, unalipa asilimia 5 ya serikali kuu basi, wakati Ontario ni 13 na Manitoba ni 12 jumla.

Winnipeg watu wanaidharau na sioni haki. Ni mji wa viwanda vya kati, mabasi, vipuri vya ndege, usindikaji wa vyakula, malori, bima, na hospitali ambazo hazijatosheka watu. Hakuna wingi wa nafasi kama Toronto, kama fani yako ni nyembamba sana unaweza kusubiri tangazo moja miezi. Ila waombaji nao ni wachache, na nimeona mhasibu aliyehangaika Mississauga kwenye ghala akahamia Winnipeg akapata kazi ya ofisini inayolingana na cheti chake, mshahara ukawa mdogo kidogo kuliko wa Toronto lakini kodi ya nyumba ikawa karibu nusu. Kuna Manitoba Start ambao wanamsaidia mgeni kutengeneza wasifu na kumkutanisha na waajiri, bure, nenda wiki ya kwanza usingoje. Toronto kuna COSTI na mashirika mengine mengi, Calgary kuna Centre for Newcomers na Immigrant Services Calgary, nao ni bure, ila foleni zao ni ndefu kutokana na wingi wa watu.

Na kwa miji yote, transkripti, yaani karatasi rasmi za matokeo ya chuo! Vyuo vya Nigeria vingine vinachukua miezi kutuma transkripti WES, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Kanada, ukiwa nyumbani unaweza kumtuma mdogo wako aende ofisini kila siku kusukuma, ukishaondoka ni simu zisizopokelewa. Usipande ndege kabla hazijafika, za mume na za mke, hata kama maombi yalitumia za mmoja tu.

Watoto, shule, hospitali

Posho ya watoto ya serikali kuu ni ileile popote, inafika karibu dola 8,000 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka 6 kama kipato chenu ni kidogo, na mwenye PR (ukaazi wa kudumu) anaanza kuomba akifika. Aliyekuja na pamiti ya shule au kazi anasubiri miezi 18 ya kuishi hapa. Hii weka kwenye bajeti vizuri mana wengi wanaihesabu tangu mwezi wa kwanza wakati haiwahusu bado.

Deikea ndo inatofautiana. Manitoba wanalipa dola 10 kwa siku tangu Aprili 2023, Ontario vituo vilivyo kwenye mpango havizidi 22 kwa siku tangu Januari 2025, Alberta ni 326.25 kwa mwezi tangu Aprili 2025 ambayo kwa siku ni kama 15 hivi. Bei nzuri kote ila nafasi hakuna, listi za kusubiri ni ndefu, andikisha mtoto mara tu ukijua mtaa utakaokaa. Bila deikea mama au baba mmoja anabaki nyumbani, na hapo hesabu yote ya mishahara miwili inavunjika. Wale wanaomleta mama mkwe kwa viza ya kutembelea wanajua wanafanya nini.

Shule za serikali ni bure kote. Kwa Wakatoliki, na Waigbo wengi ni Wakatoliki wa kweli kweli, Ontario na Alberta zina bodi za shule za Kikatoliki zinazolipiwa na serikali, mtoto anasoma bure. Manitoba hakuna bodi ya hivyo, shule ya Kikatoliki ni ya binafsi na unalipa ada.

Bima ya afya kwa mwenye PR haina shida kubwa kwenye mikoa yote mitatu ukiomba mapema, Ontario waliondoa ile miezi mitatu ya kusubiri mwaka 2020. Daktari wa familia kumpata ni kazi kila mahali. Tofauti kubwa iko kwa mwanafunzi. Alberta inamkatia bima mwanafunzi wa nje mwenye pamiti ya miezi 12 au zaidi, Manitoba iliwaondoa wanafunzi wa nje mwaka 2018, na Ontario wanategemea bima ya chuo wanayolipia wenyewe. Mwanafunzi mwenye mke mjamzito naomba alisome hili mara mbili, mana bili ya kujifungua bila bima ni maelfu mengi ya dola.

Gari na baridi

Toronto unaweza kuishi bila gari. Nauli ya TTC, yaani mabasi na treni za mji, ni 3.30 kwa kadi ya nauli ya Presto, na tangu Februari 2024 ukitoka basi la Brampton au Mississauga ukaingia TTC hulipi mara ya pili ndani ya muda. Ni bahati mana bima ya gari Ontario, hasa Brampton, inatisha, mgeni asiye na historia anaweza kulipa kwa mwezi zaidi ya mkopo wa gari lenyewe. Calgary kuna treni ya CTrain lakini mji umetawanyika sana, ukikaa kaskazini mashariki na shifti yako iko kusini mashariki saa 11 alfajiri, utanunua gari tu. Bima ni ya kampuni binafsi na sio ndogo, na huko kaskazini mashariki ambako wageni wengi wanaishi mvua ya mawe ya Juni 2020 ilivunja vioo na paa za mtaa mzima, ikarudi tena Agosti 2024 upande wa kaskazini. Winnipeg ni mabasi tu, hamna treni, mtandao wa mabasi waliupanga upya wote Juni 2025, na wengi wanaishia kununua gari. Bima inatoka kwa shirika moja la mkoa, watu wanaiita Autopac, na mgeni hapigwi bei kama Brampton.

Leseni ya Nigeria haibadilishwi moja kwa moja kokote. Unaweza kuendeshea siku 60 Ontario, 90 Alberta, miezi mitatu Manitoba, kisha mitihani. Beba barua ya FRSC, mamlaka ya usalama barabarani ya Nigeria, inayothibitisha miaka uliyoendesha, inaweza kukupunguzia ngazi za kusubiri, na kama una barua ya bima ya gari isiyo na ajali ibebe pia.

Baridi sasa. Toronto iko pembeni ya ziwa, Januari inazunguka sifuri mpaka kumi chini, mbaya ila unazoea. Calgary inaweza kushuka 30 chini alafu upepo wa chinook ukashuka kutoka milimani na siku mbili zijazo watu wanatembea na sweta, na jua lipo hata wakati wa baridi. Winnipeg sitakudanganya, usiku wa Januari wastani ni kama 21 chini na kuna wiki inakaa kwenye 30 chini bila kupumua. Gari inachomekwa kwenye umeme usiku ili hita ipashe injini, la sivyo asubuhi haiwaki. Wanaijeria walioko Winnipeg wanazoea na wanaishi vizuri tu, ila yule mwenye presha ya upweke au anayetoka Kano na mama mzee mwenye magoti, afikirie. Na usinunue koti Lagos, hata liwe zito namna gani, njoo ununue huku, hata la mtumba la huku linashinda.

Watu wako

Kanisa la Redeemed lipo miji yote mitatu, Winners na Mountain of Fire pia utawakuta, na misikiti ipo. Toronto ndo kila kitu, maduka ya garri, egusi, mafuta ya mawese, stokifishi, viazi vikuu, wasusi, washonaji wa aso ebi (sare za sherehe), maharusi kila wikiendi. Calgary imekaribia sana. Winnipeg maduka yapo na yanaongezeka, aina ni chache, na ukikosa kitu unasubiri mzigo. Wengine wanasema hiyo ndo raha yake, jamii ni ndogo, ukifika jumapili ya kwanza kuna mtu anakupeleka kuchukua SIN, namba inayotakiwa ili uajiriwe, na kufungua akaunti ya benki, na wiki ijayo kuna friza limejaa wali wa jollof. Toronto unaweza kukaa mtaa wenye Wanaijeria mia na usijuliwe na mtu.

Kurudi nyumbani, hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Lagos toka mji wowote kati ya hii. Toka Toronto unaunganisha mara moja, London, Paris, Addis Ababa au Istanbul. Toka Calgary mara moja pia kupitia Ulaya, Winnipeg mara nyingi ni mbili na bei inapanda. Ubalozi wa Nigeria uko Ottawa, toka Toronto ni kama kilomita 450 kwenda tu, unaendesha na kurudi, toka Calgary na Winnipeg pasipoti ya familia nzima ikiisha kwa pamoja jiandae. Saa nazo, Toronto iko nyuma ya Lagos saa 5 au 6, Winnipeg 6 au 7, Calgary 7 au 8, kwa mwenye mzazi mgonjwa anayempigia kila siku hii ina maana.

Nani aende wapi

Kama wewe ni wa benki, IT, ukaguzi au sheria za makampuni, uko peke yako au wawili bila mtoto, na kuna ndugu wa kukuhifadhi miezi mitatu bila kodi, Toronto inaeleweka. Bila huyo ndugu sio kwamba haiwezekani, ila weka tarehe, sema hela ikibaki kiasi fulani nahama, na uiheshimu.

Injinia wa mafuta, fundi wa viwandani, mtu wa usalama kazini, nesi ambaye faili lake liko CRNA, aangalie Calgary kwanza, na Edmonton pia. Mwanafunzi mwenye familia naye aipe Alberta uzito kwa sababu ya bima ya afya. Ila wekeni akiba ya bili na ya kodi ya nyumba kupanda, na kama kazi zenu nyote wawili ni za mafuta mmoja atafute kitu cha pembeni.

Mhasibu wa kawaida, mwalimu, msaidizi wa wagonjwa, dereva, familia ya watoto watatu wadogo yenye hela ya miezi michache, Winnipeg inawapa muda wa kupumua kuliko miji yote miwili. Na aliyepata PR kwa nominesheni ya Manitoba alishatamka kwenye maombi kwamba ana nia ya kuishi hapo, atue hapo na aanzie hapo kweli, habari za kuhama zije baadae kama maisha yatamsukuma.

Wale ambao mume ana cheti cha mji mmoja na mke cha mji mwingine, mfano yeye data na mkewe nesi, mimi huwa nasema fuateni leseni ngumu zaidi, yaani ya nesi, mana wa data anaweza kufanya kazi kwa mbali au kuanza na kitu kingine, nesi bila usajili wa mkoa hagusi mgonjwa.

Na kama hela haitoshi kabisa kwa familia nzima, mmoja anaweza kutangulia, apate kazi na nyumba, watoto wamalizie muhula Nigeria ndo wafuate. Muhimu aangalie kwanza tarehe za viza za wale wanaobaki na aliyeandikwa kama mwombaji mkuu, mana kwenye PR mwombaji mkuu ndo anatakiwa kutua kwanza au pamoja nao, mke na watoto hawawezi kumtangulia.